Je, mayai ya samaki kwenye sushi yanamfaa mama mjamzito?

"Docta, niko hapa Lubumbashi, nina miaka 31 na mimba yangu ya pili imefika miezi mitano. Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumamosi, bosi wa mume wangu alitualika kwenye restora moja ya mjini. Walituletea sushi: wali uliozungushiwa jani jeusi, juu yake mayai ya samaki, mengine makubwa mekundu, mengine madogo ya rangi ya chungwa. Nilikula vipande kama nane na nilivipenda. Wifi yangu aliye Ubelgiji ananiambia niwe nakula kila wiki, eti yale mayai yana vitamini kuliko nyama na yanampa mtoto akili. Mama mkwe naye aliposikia alikasirika. Anasema samaki mbichi analeta minyoo, na kwao mwanamke mwenye mimba hali yai la aina yoyote. Kwenye CPN (kliniki ya wajawazito) walinipima damu wakakuta hemoglobini 9,8. Naomba ukweli: yale mayai yana faida gani mwilini? Yanaongeza damu? Na kwa vile nilishakula, mtoto wangu yuko salama?"

Mama, nianzie mwisho wa barua yako, maana hofu yote iko pale. Kama wiki hizi mbili zimepita bila homa, bila kuhara, bila kutapika kusikoeleweka, na mtoto anacheza tumboni, basi sehemu kubwa ya hatari ya mlo ule imeshapita. Bakteria wa salmonella huonyesha dalili kati ya saa 6 na siku 6 baada ya kula. Kipindupindu hakivuki siku 5. Minyoo ya samaki wa baharini huanza kuuma tumbo ndani ya saa au siku chache. Kimebaki kidudu kimoja kinachokawia, kinaitwa listeria, na nitakieleza kwa kirefu hapo chini kwa sababu ndicho kinachonifanya niwazuie wajawazito kula sushi mbichi. Ukiwa mzima huna haja ya kukimbilia vipimo leo. Unachohitaji ni kujua dalili za kuangalia, na kwa muda gani.

Sasa tuje kwenye faida. Wifi yako ana sehemu yake ya ukweli. Yai la samaki limebeba akiba yote ambayo kitoto cha samaki kitaitumia tangu kinapoumbwa hadi siku kitakapoweza kutafuta chakula chenyewe. Ini la samaki jike hutengeneza protini maalumu yenye mafuta, damu huibeba hadi kwenye mayai, na humo inahifadhiwa pamoja na vitamini na madini. Kwa hiyo gramu 100 za mayai mabichi ya samaki zina protini gramu 22 hivi, kiasi kile kile unachopata katika nyama nzuri isiyo na mafuta, na nishati yake ni kama kilokalori 140 tu. Vitamini B12 hufika mikrogramu 10, wakati mjamzito anahitaji 2,6 kwa siku. Vitamini D, ambayo vyakula vichache sana vinayo, hufika mikrogramu 12. Kuna kolini zaidi ya miligramu 300, na wewe unahitaji 450 kwa siku kwa ajili ya ubongo na uti wa mgongo wa mtoto. Mafuta ya omega-3 ni kama gramu 2. Vyakula vinavyokusanya mambo haya yote pamoja ni vichache.

Lakini angalia ulikula kiasi gani. Kipande kimoja chenye mayai makubwa ya salmoni, yale Wajapani wanayoita ikura, hubeba gramu 10 hivi. Yale madogo ya rangi ya chungwa, tobiko au masago, mara nyingi ni gramu 5 au pungufu. Vipande vyako vinane vilikuwa na gramu 40 au 50 za mayai, na hapo nimehesabu kwa ukarimu. Ulipata B12 ya siku nzima na omega-3 ya kutosha, hilo sikatai. Protini ilikuwa kama ya mayai mawili ya kuku, au chini kidogo. Sehemu kubwa ya sahani ilikuwa wali mweupe uliotiwa siki, sukari na chumvi: kwa vipande nane ni gramu 150 au zaidi, kilokalori 200 hivi bila kuhesabu sukari. Hakuna ubaya ndani ya wali wenyewe. Ila mtu anayesema "nilikula mayai ya samaki" kwa kweli alikula wali, na mayai yakawa kitoweo kidogo juu.

Na chumvi. Mayai ya sushi hayaji mabichi kabisa kutoka tumboni mwa samaki, hutiwa chumvi ili yakae. Mayai ya namna hiyo yanaweza kuwa na miligramu 1.500 za sodiamu kwa gramu 100. Ukichovya vipande vyako kwenye sosi ya soya, kijiko kimoja cha chakula cha sosi hiyo kina karibu miligramu 900. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya miligramu 2.000 kwa siku nzima, yaani kama gramu 5 za chumvi. Sahani yako pekee ilikaribia mpaka huo, na bado hujagusa makayabo, samaki wa chumvi wa nyumbani. Kama kwenye CPN walikuambia shinikizo lako la damu liko juu, jambo hili lina uzito zaidi kwako kuliko kwa mwenzako.

Kuhusu kolesteroli, ambayo watu wengi huniuliza: ni kweli mayai ya samaki yanayo nyingi, ila kwa mama wa miaka 31 asiye na ugonjwa wa moyo mimi siihesabu kama sababu ya kuyakimbia. Rangi nayo isikutishe. Wekundu wa mayai ya salmoni hutokana na viumbe vidogo vya jamii ya kamba ambavyo samaki huyo anakula baharini. Yale madogo mara nyingi huongezewa rangi ya chakula.

Sasa hemoglobini yako, na hapa naomba unisikilize vizuri. Katika miezi ya kati ya mimba, chini ya 10,5 tunahesabu kuwa ni upungufu wa damu. Wewe uko 9,8. Haitoshi kukutia hofu, lakini haitakiwi kuachwa hivyo hivyo hadi siku ya kuzaa, kwa sababu mwanamke anayeingia leba akiwa na damu kidogo hana akiba pale anapovuja. Mayai ya samaki hayatakuondoa hapo. Mayai mabichi mara nyingi hayafiki hata miligramu moja ya madini ya chuma kwa gramu 100, wakati mjamzito anahitaji 27 kwa siku. Yale yaliyotiwa chumvi sana, ya aina ya kaviari, yanaweza kuwa na chuma zaidi, lakini nani atakula gramu 100 za kaviari kila siku, na kwa bei ipi? B12 yake husaidia kuunda chembe za damu. Hata hivyo mwili ukikosa chuma, B12 nyingi haiwezi kushika nafasi yake.

Kinachokufaa ni vile vidonge vya feri (madini ya chuma) na folati vinavyotolewa kwenye CPN. Najua wengi wanaviweka kabatini kwa sababu vinaleta kichefuchefu au vinafanya choo kiwe cheusi. Choo cheusi ni kawaida, usiogope. Kichefuchefu hupungua ukimeza kidonge usiku baada ya chakula. Usimeze na chai, kwa sababu chai inazuia chuma kuingia mwilini. Meza na maji, na ukipata chungwa au limau kula pamoja nacho. Kwa hemoglobini ya 9,8 huenda wakakuongezea dozi, lakini hilo waamue wao wakiwa na karatasi yako mkononi. Chukua pia dawa ya kuzuia malaria na ile ya minyoo wanazogawa kwenye CPN, maana katika mji wetu malaria na minyoo ya tumboni hupunguza damu ya wajawazito hata wanaokula vizuri.

Turudi kwa wifi na ile habari ya akili. Omega-3 ya aina ya DHA kweli inajikusanya katika ubongo na macho ya mtoto, hasa miezi mitatu ya mwisho. Uchunguzi mkubwa wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, wa mwaka 2018, uliokusanya majaribio ya nchi nyingi, ulionyesha kwamba wanawake waliopata omega-3 zaidi walizaa kabla ya wiki 37 mara chache kuliko wengine: kutoka wajawazito 134 kwa kila 1.000 hadi 119. Hiyo ni faida halisi, kwa sababu mtoto anayetimiza miezi yake huanza maisha na nguvu. Lakini majaribio yaliyopima akili za watoto baadaye hayakupata tofauti iliyo wazi. Mtu asikuuzie kitu, kiwe mayai ya samaki au vidonge vya mafuta ya samaki, kwa ahadi ya kwamba mtoto atakuwa wa kwanza darasani. Kwa ubongo wa mtoto, jambo lenye ushahidi mzito zaidi ni kutumia chumvi yenye iodini jikoni kila siku. Hiyo inapatikana Lubumbashi nzima.

Mama mkwe naye tumsikilize kwa heshima, kwa sababu kuhusu minyoo hayuko mbali na ukweli. Samaki wa baharini hubeba minyoo inayoitwa anisakis. Samaki wa mito na maziwa wana minyoo yao. Dawa yake ni moto au baridi kali: samaki akigandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 mfululizo, minyoo hufa. Nchi nyingi zinazouza samaki wa kuliwa mbichi zinadai agandishwe kwanza, basi kwa sushi iliyotengenezwa kwa samaki aliyegandishwa sawasawa, minyoo sio hofu yangu kubwa. Hofu yangu ni kwa mtu ambaye ataona sushi kwenye simu kisha akanunua samaki wa mto Luapula au wa ziwa Mweru sokoni, akamkata nyumbani na kumla mbichi. Hilo usilifanye hata usipokuwa na mimba. Frigo zetu za nyumbani, umeme ukikatika mara kwa mara, hazishiki hizo nyuzi 20 kwa siku 7.

Mwiko wa mayai kwa wajawazito uko kwa makabila mengi, hapa kwetu na mbali na hapa. Katika lishe hakuna sababu ya kumnyima mjamzito yai lililopikwa likaiva. Kinyume chake, yai la kuku lililochemshwa ni moja ya protini za bei nafuu ulizo nazo. Lakini sikushauri ugombane na mama mkwe juu ya hili. Siku ya CPN nenda naye, umwombe muuguzi alieleze mbele yake. Nimeona mara nyingi mama mkwe akisikia neno kutoka kwa mtu wa kliniki, yeye mwenyewe ndiye anayeanza kumchemshia mkwe wake mayai asubuhi.

Sasa listeria. Ni bakteria anayeishi kwenye udongo, maji na viwanda vya chakula, na tofauti yake na wengi ni kwamba baridi ya frigo haimzuii. Pale ambapo bakteria wengine hulala, yeye anaendelea kuzaliana polepole. Kugandisha kunamlaza tu, hakumuui. Chumvi ya kawaida ya mayai ya samaki haitoshi kumzuia. Kinachomuua ni moto, chakula kiive hadi ndani, nyuzi 70 na kuendelea. Kwa mtu mwenye afya anaweza kupita kama homa ndogo ya siku mbili. Kwa mjamzito mambo hubadilika: mimba hupunguza sehemu ya kinga ya mwili ili mama asimkatae mtoto, na listeria hupenya hapo. Wajawazito hupatwa naye mara 10 hivi zaidi ya watu wengine. Anaweza kuvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, mimba ikatoka au mtoto akazaliwa mgonjwa sana, wakati mama mwenyewe alihisi kama mafua tu. Tena anaweza kukawia hadi siku 70 kabla ya kuonyesha dalili. Ugonjwa huu ni wa nadra, nakuambia wazi, na uwezekano mkubwa ni kwamba wewe hujaupata. Ila ni wa nadra na mzito, na kwa chakula ambacho unaweza kukiacha kwa miezi minne tu, mimi sioni sababu ya kucheza nao.

Watu huniambia: "Lakini restora ile ni safi, wapishi wanavaa glavu." Usafi wa jikoni ni mzuri, lakini swali la kwanza ni la njia aliyopita samaki. Lubumbashi iko mbali na bahari yoyote. Samaki wengi wa baharini tunaowala wanatoka kusini kwa malori, wanangoja mpakani Kasumbalesa kwenye foleni, wanashushwa depo, wanapelekwa restora. Kila mahali pale panahitaji baridi isiyokatika. Wewe na mimi tunajua umeme wa mji huu. Chombo cha mayai ya samaki kikiyeyuka nusu, kikagandishwa tena, kisha kikafunguliwa na kutumika siku kadhaa kwa kijiko kile kile, hakuna glavu itakayorekebisha hilo, wala mpishi hawezi kuliona kwa macho. Harufu yenyewe haikuambii kitu, kwa maana listeria haharibu harufu ya chakula.

Wifi atasema wanawake wa Japani wanakula na kuzaa vizuri. Huko bahari iko karibu na njia ya samaki hadi sahani ni fupi na ya baridi, na hata hivyo wizara yao ya afya huwaonya wajawazito juu ya listeria. Kuna onyo lingine pia, la zebaki: tuna wakubwa, papa na samaki-upanga hujikusanyia zebaki nyingi mwilini, na hao mjamzito awaache. Mayai uliyokula hayana shida kubwa ya zebaki, kwa sababu zebaki hushikamana zaidi na nyama kuliko mayai, na samaki wenyewe sio wawindaji wakubwa.

Basi unapata wapi faida ile bila hatari ile? Hapa hapa. Watu wa Luapula wanajua mayai ya samaki tangu zamani sana. Mpumbu, ambaye wataalamu wanamwita Labeo altivelis, alikuwa akipanda mto wakati wa mvua kwenda kutaga, amejaa mayai, na wavuvi walimngojea njiani. Biashara ya samaki kutoka Kasenga kuja Elisabethville, kama mji huu ulivyoitwa, ilikuwa kubwa wakati wa ukoloni, na mpumbu alivuliwa sana akipanda hivyo hivyo na mayai yake hadi akapungua vibaya katikati ya karne ya 20. Ndiyo maana simtumi mtu kutafuta mayai peke yake sokoni. Lakini ukinunua samaki mzima ukamkuta na mfuko wa mayai, usiutupe. Uoshe, uuchemshe polepole hadi katikati pawe pagumu na pamebadilika rangi kabisa, dakika 10 hadi 15 kulingana na unene, kisha uunge na nyanya na kitunguu, ule na bukari. Protini inabaki, B12 na vitamini D zinabaki kwa sehemu kubwa, omega-3 nayo hustahimili kuchemshwa kuliko kukaangwa kwenye mafuta mengi. Listeria na minyoo havibaki. Kitu kimoja tu: samaki yule anayejivimbisha kama mpira, usile mayai yake wala ini lake, hata yakipikwa. Sumu yake haifi kwa moto.

Halafu kuna ndakala, yaani dagaa, ambao watu wa mjini wameanza kuwadharau na inanisikitisha. Ndakala analiwa mzima: nyama, mifupa, kichwa, na mayai kama alikuwa nayo. Mifupa hiyo inakupa kalisi ambayo sahani ile ya sushi inakupa kidogo tu. Loweka kidogo kuondoa mchanga na chumvi, pika hadi waive, changanya na sombe au lengalenga. Chuma kidogo cha samaki husaidia mwili kuchukua chuma cha majani. Mara tatu au nne kwa wiki, pamoja na maharage na yai, hiyo ni lishe ya mjamzito ambayo ningemwekea dada yangu mwenyewe mezani.

Neno moja juu ya samaki wa bwawa la Lufira, lile la Tshangalele karibu na Likasi. Maji yake yamepokea mabaki ya migodi kwa miaka mingi, na tafiti zimekuta metali ndani ya samaki wake. Kupika hakuondoi metali. Ukiwa na mimba usifanye samaki wa huko chakula chako cha kila siku; uliza muuzaji anatoka wapi, na badilisha badilisha.

Kama mtaalikwa tena, huna haja ya kukaa mbele ya sahani tupu. Omba sushi ya kamba aliyepikwa, ya yai la kukaanga, ya tango au parachichi, na uwaambie wazi kwamba una mimba ili wakukatie kwa kisu na ubao ambao haukugusa samaki mbichi. Wakikuambia hawawezi, kula supu ya moto na wali. Mayai ya samaki ya chupa yaliyopitishwa kwenye moto kiwandani, kama maandishi ya chupa yanasema hivyo na imefunguliwa mbele yako, hatari yake ni ndogo zaidi. Hata hivyo chumvi yake iko pale pale. Baada ya kuzaa, listeria haitakuwa tena kikwazo cha namna hii, na utaamua mwenyewe kulingana na unavyoiamini ile restora.

Sasa dalili. Chukua karatasi yako ya CPN, andika juu yake tarehe ya Jumamosi ile, uhesabu siku 70. Ndani ya muda huo, ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, baridi na kutetemeka, maumivu ya misuli, kichwa kikali na shingo kukaza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Nenda pia, na haraka zaidi, bila kujali ulikula nini, kama mtoto amepunguza kucheza, maji yanatoka, damu inatoka au tumbo linabana mara kwa mara.

Na ukifika, sema: "Nilikula mayai ya samaki yasiyopikwa tarehe fulani." Nasisitiza hilo kwa sababu hapa kwetu homa yoyote ya mjamzito inaitwa malaria, na malaria ikikosekana inaitwa tifoidi. Wakupime malaria, ni sahihi kabisa kuanza hapo, inaua wajawazito wengi kuliko sushi. Lakini TDR, kile kipimo cha haraka cha malaria, ikiwa hasi na homa inaendelea, ile sentensi moja inaweza kumfanya daktari aagize damu yako ioteshwe maabara na kuanza antibayotiki inayofaa, kama ampisilini, ambayo inaruhusiwa katika mimba. Usijinunulie dawa kwenye famasi ya kona, kwa maana antibayotiki nyingine zinazouzwa pale kwa ajili ya tifoidi hazimgusi listeria na nyingine hazifai kwa mtoto.

Kuhusu damu, meza vidonge kila siku kwa mwezi mzima kisha urudi wapime hemoglobini tena. Kama haijapanda ingawa umemeza vizuri, omba wachunguze malaria iliyojificha, minyoo, na kama hujawahi kupimwa sikoseli, wapime pia. Na kama kabla ya hapo utaanza kuhema ukiwa umekaa, moyo kukimbia au kizunguzungu ukisimama, usingoje siku ya CPN.